Ukomo wa Transfoma ni Joto: Kukadiria Nguvu ya Transfoma Katika Amplifaya za Kujitengenezea

Amplifaya nyingi zinazoundwa na mafundi wetu, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue, huanza na transfoma isiyo na cheti. Imetolewa kwenye sabufa iliyokufa, kwenye UPS ya ofisi iliyotupwa, kwenye redio ya mtumba, au imesukwa upya kwa mabati ya zamani na waya mpya. Ikiwa na kibandiko, mara nyingi huandikwa volti peke yake: 24-0-24, 35-0-35. Volti hizo fundi anazithibitisha kwa mita ndani ya dakika moja. Linalobaki gizani ni swali kubwa zaidi: transfoma hii itatoa ampea ngapi, kwa muda gani, kabla vanishi ya waya wake haijaanza kuungua?

Swali hili hujibiwa kwa kukisia, na makisio hayo huishia pabaya kwa njia mbili. Wapo wanaofunga transfoma ndogo kwenye amplifaya kubwa, ikaungua katikati ya harusi. Wapo pia wanaonunua transfoma mara tatu ya mahitaji yao, pesa ikapotelea kwenye shaba ambayo haitafanya kazi kamwe. Makosa yote mawili yanatokana na kudhani kwamba transfoma ina idadi ya wati iliyojificha ndani yake, na kazi ya fundi ni kuifichua.

Transfoma haina idadi ya namna hiyo. Transista kama 2SC5200 ikipitishwa volti au mkondo kupita inavyohimili, hufa papo hapo. Transfoma ya VA 100 (VA ni volti mara ampea) itatoa VA 200 kwa dakika kadhaa bila kulalamika, itatoa VA 300 kwa mpigo mmoja wa besi, na itabaki nzima. Kinachoiua ni joto lililojikusanya. Kwa hiyo nguvu ya transfoma haijulikani mpaka tujue mambo matatu: inapoteza joto kiasi gani, inapigia muziki wa aina gani, na kwa saa ngapi.

Joto linatoka wapi

Vyanzo vya joto ndani ya transfoma ni viwili. Cha kwanza ni chuma. Katika gridi ya 50 Hz, usumaku wa kiini hugeuka mwelekeo mara 100 kila sekunde, na kila mgeuko hupoteza nishati kidogo. Joto hili hufuata volti za ukutani na wala halitegemei sauti: lipo hata amplifaya ikiwa kimya. Cha pili ni shaba. Joto lake hupanda kwa mraba wa mkondo, maana yake mkondo ukiongezeka kwa asilimia 20, joto la shaba huongezeka kwa asilimia 44, na mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Juu ya hayo, shaba yenye moto hukinza umeme zaidi. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi ukinzani wake umezidi ule wa nyuzi 20 kwa asilimia 31, na joto huzaa joto.

Mwathirika si shaba wala chuma, maana vyote viwili vinahimili mamia ya nyuzi. Mwathirika ni vanishi ya waya, karatasi na plastiki ya koili. Viwango vya kimataifa vya IEC hupanga vihami hivi kwa madaraja: A huvumilia nyuzi 105, E nyuzi 120, B nyuzi 130, F nyuzi 155 na H nyuzi 180. Mwaka 1930 mhandisi Montsinger wa General Electric alionyesha kwamba maisha ya kihami hupungua kwa nusu kila joto linapopanda kwa nyuzi chache, na mwaka 1948 Dakin wa Westinghouse akaeleza sababu: kuchakaa kwa kihami ni mmenyuko wa kikemia, na joto huuharakisha. Kanuni inayotumika karakana nyingi ni nyuzi 10 kwa nusu. Kihami cha kudumu saa 20,000 kwenye nyuzi 105 kitadumu saa 10,000 kwenye nyuzi 115, na saa 5,000 kwenye nyuzi 125.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia kwenye hesabu. Transfoma ikipanda nyuzi 60 juu ya hewa inayoizunguka, katika chumba cha nyuzi 20 itafika 80. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, ndani ya kasha lililofungwa pamoja na hitisinki zenye moto, hewa hiyo huweza kuwa nyuzi 45. Transfoma ileile, mzigo uleule, sasa iko kwenye 105, ambao ndio mpaka wa daraja A.

Wati za spika na VA za transfoma

Kosa jingine la kawaida ni kulinganisha wati za amplifaya na VA za transfoma moja kwa moja. Kati yao kuna daraja la dayodi na kapasita, na viwili hivyo hubadilisha hesabu. Kapasita haivuti umeme muda wote. Hujaza pengo lake kwa mafungu mafupi na makali kwenye vilele vya wimbi, na mkondo wa mafungu hupasha shaba joto kuliko mkondo uliotulia wenye wastani uleule. Mwongozo wa watengenezaji wa transfoma ni kwamba, kwa daraja la dayodi lenye kapasita kubwa, mkondo wa DC usizidi asilimia 62 ya mkondo wa AC ulioandikwa. Transfoma ya ampea 3 itatoa DC ya ampea 1.86 kwa usalama, na anayetarajia ampea 3 kamili anaipa joto zaidi ya mara mbili na nusu ya lile iliyopangiwa.

Tuchukue mfano unaoshikika: amplifaya ya klasi AB, chaneli mbili za wati 50, spika za omu 8, transfoma ya 25-0-25. Kila upande wa DC utakuwa na volti 34 hivi. Ili spika ipate wati 50, kilele cha wimbi kinahitaji volti 28.3 na ampea 3.5. Mahitaji ya transfoma hiyo hutegemea kinachopigwa.

Kwanza, muziki wa kawaida wa nyumbani. Ngoma na sauti zina vilele virefu na mabonde mapana, hivyo wastani wake, hata sauti ikiwa juu bila kukwaruza, ni kama moja ya nane ya nguvu kamili. Mkondo wa DC ni ampea 0.9 hivi, pamoja na ule wa amplifaya kukaa tu. Ukigawanya kwa 0.62 na kuzidisha kwa volti 50, unapata VA 75 hivi.

Pili, muziki ulioshindiliwa, kama wa kumbi za sherehe au kwaya yenye kinanda na besi zisizopumzika. Wastani hukaribia theluthi moja, na transfoma huhitaji VA 115.

Tatu, wimbi laini la majaribio kwa nguvu kamili kwenye chaneli zote mbili. Hapo ni VA 180 na kidogo.

Nne, amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho na kukata vilele, kama inavyotokea disko la mtaani usiku wa manane. Wimbi linakuwa karibu mraba, na mahitaji yanafika VA 285.

Amplifaya ni moja, spika ni zilezile, lakini mahitaji yametoka 75 hadi 285. Hii ndiyo sababu mabishano ya mafundi hayaishi: anayesema VA 100 zinatosha na anayesema zinatakiwa 300 wote wana ushahidi, kila mmoja kutoka kwenye kazi yake. Wenye kutunga kanuni nao wamelipitia suala hili. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilipoweka kanuni ya kutangaza wati za amplifaya za nyumbani, iliagiza amplifaya iendeshwe saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake kabla ya kupimwa. Baadaye kipimo hicho kilishushwa hadi moja ya nane, sehemu ileile iliyotumika katika kiwango cha usalama cha IEC 60065.

Fundi atenge pia joto la transista na joto la transfoma. Transista za klasi B hupata moto zaidi amplifaya ikiwa kwenye asilimia 40 hivi ya nguvu kamili; ukiipita hapo, joto lao huanza kushuka. La transfoma halishuki, huendelea kupanda kadiri mkondo unavyopanda. Hitisinki yenye uvuguvugu si ushahidi kwamba transfoma iko salama.

Kuipima transfoma isiyo na jina

Kifaa cha kwanza ni mizani. Transfoma ya duara ya VA 100 ina uzito wa kilo moja hivi, ya VA 300 kilo mbili na nusu, na ya VA 500 kilo nne au zaidi kidogo. Zile za mabati ya umbo la E na I huwa nzito zaidi kwa nguvu hiyohiyo. Ya VA 100 hukaribia kilo mbili. Sabufa iliyoandikwa wati 5,000 PMPO huku transfoma yake ikiwa na gramu 800 imejieleza yenyewe: humo ndani mna VA 40 hivi, na wati za kweli ni chache kuliko hizo.

Kifaa cha pili ni rula. Kwa transfoma ya mabati, pima upana wa mguu wa kati na kina cha rundo la mabati, uzidishe upate eneo kwa sentimita za mraba. Gawanya kwa 1.2, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Mguu wa sentimita 3 na rundo la sentimita 4 vinatoa 12. 12 ukigawanya kwa 1.2 ni 10. Na 10 mara 10 ni VA 100. Kanuni hii inashikilia kwa sababu nguvu hupanda haraka sana kuliko ukubwa: transfoma iliyozidi mwenzake mara mbili kila upande huweza kubeba karibu mara 16. Ila uso wake wa kupoza umeongezeka mara nne tu, huku ujazo unaozalisha joto ukiongezeka mara nane. Ndiyo maana transfoma ndogo huruhusiwa ampea 3.5 kwa kila milimita ya mraba ya waya, na kubwa hushushwa hadi 2.5.

Kifaa cha tatu ni mita. Ukinzani wa praimari, yaani koili ya upande wa ukutani, husema mengi kuhusu shaba iliyomo. Kwa transfoma za duara za volti 230, ya VA 160 huonyesha omu 10 hadi 13, ya VA 300 omu 5 hivi, na ya VA 500 kati ya 2 na 3. Kumbuka kwanza kugusanisha nyaya za mita na kutoa ukinzani wao. Kipimo hiki kikipingana na uzito, shuku waya. Siku hizi zimejaa transfoma zilizosukwa kwa alumini, nyingine zikiwa zimepakwa shaba kwa nje. Alumini hukinza umeme mara 1.6 ya shaba, hivyo waya wa unene uleule hupata moto zaidi. Kata ncha ya waya uitazame katikati: weupe ni alumini.

Kipimo cha nne kinahusu chuma. Zungusha waya wenye plastiki mara 10 kuzunguka koili, washa transfoma, upime volti za waya huo. Ukipata volti 2.5, transfoma ina mizunguko 4 kwa kila volti. Kwa gridi ya 50 Hz, gawanya 45 kwa eneo la kiini: kwa sentimita 12 za mraba unapata 3.75, ambayo ndiyo mizunguko ya kila volti inayoleta usumaku wa tesla 1. Yenye mizunguko 4 iko chini kidogo ya tesla 1, imetulia. Yenye mizunguko 2.7 imefika tesla 1.4, karibu na mwisho wa mabati ya kawaida. Watengenezaji wanaobana shaba hupunguza mizunguko, na transfoma yao huwa na moto hata isipobeba kitu. Hivyo iache imewashwa saa moja bila mzigo. Ikiwa na uvuguvugu, chuma chake ni kizima. Ikiwa haishikiki, usiihesabie nguvu yoyote.

Mitego ya transfoma za mtumba

Mtego wa kwanza uko kwenye volti. Transfoma nyingi zinazoingia sokoni zimesukwa kwa volti 220, ilhali Tanzania hutumia 230 na Kenya 240. Kwa Nairobi hilo ni ongezeko la asilimia 9 la usumaku, na la volti za kutoka pia. Transfoma ya 35-0-35 hutoa 38 kila upande, na baada ya dayodi na kapasita hiyo ni volti 54. Kapasita za volti 50 zilizochaguliwa kwa kusoma kibandiko huvimba na kupasuka, na lawama huangukia kapasita.

Mtego wa pili ni masafa. Transfoma ya Marekani iliyosukwa kwa 60 Hz pekee, hata ukiunganisha praimari zake mbili kwa mfululizo ili zivumilie volti 240, usumaku wake kwenye 50 Hz hupanda kwa asilimia 20. Za Japani huwa na nafuu upande huu, kwa kuwa Tokyo hutumia 50 Hz na Osaka 60 Hz, hivyo vifaa vingi huandikwa 50/60 Hz. Shida yao ni volti 100.

Mtego wa tatu ni UPS. Iliyoandikwa VA 650 hupangwa kubeba mzigo huo kwa dakika chache, betri inapofanya kazi. Umeme ukiwepo, transfoma yake aghalabu huchaji betri tu. Ukiipima kwa mizani na rula utakuta ni transfoma ya VA 150 hadi 200 za kudumu. Hiyo ndiyo namba ya kutumia.

Transfoma ya maikrowevu ni jambo jingine kabisa. Usumaku wake umesukumwa hadi kikomo, hutegemea feni muda wote, na hutoa volti 2,000 hivi zinazoua kwa mguso mmoja. Haifai kwa amplifaya, na hatari yake inazidi thamani ya chuma chake.

Jaribio la saa tatu

Makadirio yote hayo huhitaji kuthibitishwa, na njia bora haihitaji hata kipimajoto cha ndani, kwa sababu shaba yenyewe ni kipimajoto. Pima ukinzani wa praimari transfoma ikiwa baridi, uandike na joto la chumba. Endesha amplifaya kwa saa tatu, kwa sauti kubwa zaidi utakayoitumia na kwa muziki utakaoupiga. Kisha zima, chomoa plagi ukutani, tenga waya wa praimari, upime tena ndani ya dakika moja. Gawanya ukinzani wa moto kwa wa baridi, zidisha kwa jumla ya 234.5 na joto la chumba, kisha toa 234.5.

Kwa mfano, praimari ilikuwa omu 11.0 kwenye nyuzi 30, na sasa ni 13.5. Hesabu inatoa nyuzi 90. Huo ni wastani wa koili. Sehemu ya ndani kabisa huwa juu zaidi kwa nyuzi 10 hadi 15. Transfoma ya daraja A imefika mwisho wake. Na ukiongeza mkondo kwa asilimia 20, lile ongezeko la nyuzi 60 linakaribia 86, na mpaka umevukwa.

Muda wa jaribio hauna mjadala. Transfoma ya kilo 2.6 inayopoteza wati 20 huchukua saa moja hivi kufika karibu theluthi mbili ya joto lake la mwisho, na saa tatu kukaribia mwisho wenyewe. Anayejaribu kwa dakika kumi, akagusa, akasema iko sawa, amepima mwanzo wa safari. Harusi na mikesha haiishi kwa dakika kumi.

Kujua joto hakutoshi bila kinga, na kinga ni mbili. Fyuzi ya mkondo upande wa praimari hulinda dhidi ya shoti. Transfoma ikizidishiwa mzigo kwa asilimia 30, fyuzi hiyo haitashtuka. Kinachozuia kuungua polepole ni fyuzi ya joto, ya nyuzi 115 hadi 130, inayofichwa chini ya karatasi ya koili. Transfoma nyingi za sabufa zinazotangazwa kufa zimekatika fyuzi hii tu, na baadhi ya mafundi huifumua karatasi na kuiruka kwa kipande cha waya. Sabufa hufufuka, lakini nyumba sasa haina mlinzi.

Ukubwa gani basi?

Kwa klasi AB na muziki wa nyumbani, VA zilizo sawa na jumla ya wati za kweli za chaneli zote zinatosha, na hakuna aibu katika hilo. Kwa ibada, kumbi na kazi za saa nyingi, chukua mara moja na nusu hadi mbili. Kwa disko ambalo mpiga muziki hajui kushusha sauti, chukua mara tatu, au bora zaidi weka kidhibiti cha kuzuia vilele kukatwa. Kuongeza wati kutoka 80 hadi 100 huleta desibeli moja tu, tofauti ambayo masikio hayaitambui kwa urahisi lakini transfoma huilipia kwa uhai wake.

Kwa fundi anayeuza amplifaya ya mkono wake, ombi ni hili: bandika karatasi juu ya transfoma, uandike VA ulizokadiria, ukinzani wa praimari ikiwa baridi, na nyuzi ulizopima baada ya saa tatu. Rudisha fyuzi ya joto pale ulipoitoa. Mnunuzi naye aache kuuliza sabufa ina wati ngapi, aulize imejaribiwa kwa saa ngapi na ilifika nyuzi ngapi.